Mbwa wangu alipata kansa, nikapoteza miezi miwili na mstafeli na mwarobaini. Tuongee dawa mbadala na chakula

mfugaji_goba

Habari zenu wakuu. Nimekaa na hili jambo wiki nzima najiuliza niandike au niache, ila jana jirani kaja kuniulizia dawa ya mbwa wake mwenye tatizo lile lile nikaona nikinyamaza na yeye atapita nilikopita mimi. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nina mbwa anaitwa Jeki, dume, wa kienyeji aliyechanganya kidogo na damu ya wale wa kipolisi, ana miaka minne. Usiku tunamfungulia anazunguka mtaani alfajiri anarudi. Mwezi wa tatu nikaanza kuona matone ya damu asubuhi pale kibarazani anapolala, matone madogo yamekaukia kwenye saruji, mke wangu akidhani kakanyaga chupa. Tukakagua miguu yote minne hakuna kitu. Halafu akawa anajilamba sana sehemu za siri, yaani unamuita haji, yupo tu anajilamba. Siku moja kalala chali namkuna tumbo ndio nikaona, ukivuta ile ngozi ya uume nyuma kidogo kuna kinyama kimeota kama kipande cha koliflawa, chekundu, kimekaa kama vipele vilivyoshikana, ukikigusa tu kinavuja damu na kina harufu ambayo hadi leo naisikia puani.

Sasa kosa langu lilianzia hapa. Sikwenda kwa daktari. Niliuliza watu. Mmoja akasema paka oil chafu ya gari na majivu, mwingine akasema maji ya betri yanakausha (hili nilikataa palepale, mnyama ni kiumbe na anaumia kama sisi). Nikaona bora mitishamba maana angalau haina madhara, ndivyo nilivyokuwa naamini. Nikawa nachemsha majani ya mstafeli asubuhi na jioni nampa kikombe kwenye maziwa, mwarobaini namuoshea, alovera nakata nampaka ule utomvu. Nikasoma pia kwamba kansa inakula wanga kwa hiyo ukimnyima wanga inakufa njaa, nikaacha kumpa ugali kabisa, nikawa nampa nyama mbichi tupu za mabaki ya buchani.

Wiki ya tatu akaanza kuharisha kwa sababu utomvu wa alovera anaulamba wote na ule unaharisha kabisa, sikujua. Mwarobaini ulimchoma kile kidonda akawa akiona ndoo anajificha nyuma ya tenki la maji. Mimi niliyemlea toka anatoshea kwenye kofia, akiniona na ndoo anakimbia. Uvimbe ukawa mkubwa kama ngumi ya mtoto, kutoka kilo 26 akafika 22, mbavu zinahesabika.

Mwezi wa tano nikampakia kwenye bajaji nikampeleka kliniki ya wanyama. Daktari alimtazama hata dakika mbili hazikufika. Akachukua kioo kidogo cha maabara akakigandamiza kwenye ule uvimbe, akapaka rangi, akaweka kwenye hadubini, akaniita nitazame. Seli za duara zimejaa, ndani zina vitundu vyeupe vimejipanga kama povu la sabuni. Akasema hii ni kansa ya kuambukizana ya mbwa, wanaipata wakipandana, na inapona. Nikamwambia rudia. Akarudia: inapona, sindano moja kila wiki, wengi wanamaliza kwa sindano nne mpaka sita.

Wakuu, nilikaa kwenye lile benchi nikalia. Sio kwa furaha tu. Nilikuwa nafikiria ile miezi miwili ya ndoo.

Dawa inaitwa vinkristini. Jeki keshachoma tano. Baada ya ya pili damu ilikata kabisa, baada ya ya tatu uvimbe ulikuwa kama punje ya karanga, sasa hivi hakuna kitu. Nataka tuongee hapa kwa uwazi kuhusu hizi dawa mbadala na chakula, nini kinasaidia na nini kinatupotezea muda. Karibuni.

mama_wa_wawili

Pole sana kaka, na hongera kwa Jeki. Mimi wangu sikubahatika. Alikuwa jike, kansa ya matiti, alianza na kigololo kidogo kwenye titi la mwisho kabisa la nyuma, ukikishika kinateleza chini ya ngozi. Niliambiwa na mtu kwamba ukikikata utakuwa umekichokoza kitasambaa, basi nikawa nampa unga wa mlonge na manjano kwenye uji kila siku, mwaka mzima. Kweli alikuwa na nguvu na manyoya yanang'aa nikajua dawa inafanya kazi. Kumbe ilikuwa inaenda kwenye mapafu taratibu. Siku ameanza kukohoa ndio nikajua.

Naomba kuuliza kwa nia njema, hivi ina maana manjano haina kazi kabisa? Maana kila mahali wanaisifia.

daktari_shambani

Habari wadau. Mimi ni daktari wa mifugo, nipo mikoani. Nashukuru kwa uzi huu.

Mama wa wawili pole sana. Manjano ina kitu kinaitwa kukumini ambacho kwenye vichupa vya maabara kinaua seli za kansa, hilo ni kweli wala hawajadanganya. Tatizo ni kwamba ukikila hakiingii kwenye damu, tumbo linakipitisha na ini linakivunja haraka, kinachofika kwenye uvimbe ni kidogo mno. Kitu kuua seli kwenye kichupa ni rahisi, hata jiki inaua. Kijiko cha manjano kwenye uji hakikumdhuru mbwa wako ila hakikumtibu. Na hili la kisu kusambaza kansa naomba tulizike leo. Uvimbe wa matiti wa mbwa takriban nusu yake huwa sio kansa kali, na hata ile kali ukiukata ukiwa bado mdogo kama kunde unakuwa na nafasi nzuri kuliko ukiwa kama limao. Jike akitolewa kizazi kabla ya joto la kwanza (yaani kabla hajaanza kutaka dume) hatari ya kansa ya matiti inashuka sana. Unaopungua siku zote ni muda.

Mfugaji, kuhusu mstafeli. Najua watu wanaupenda, hata binadamu wanakunywa. Kuna kemikali ndani yake inaitwa anonasini, huko visiwa vya Guadeloupe madaktari toka 1999 wamekuwa wakiihusisha na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson kwa watu wanaotumia sana hilo tunda na chai ya majani yake. Kwa hiyo ile hoja ya mitishamba haina madhara sio sahihi. Mmea ukiwa na nguvu ya kutibu unakuwa na nguvu ya kudhuru pia.

Na hapa nataka niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui. Hiyo vinkristini iliyomponya Jeki ni mtishamba. Inatoka kwenye ule mmea mfupi wa maua ya waridi au meupe yenye petali tano, asili yake Madagaska, watu Pwani wanaupanda mbele ya nyumba. Waganga walikuwa wanautumia kwa kisukari, watafiti wakaufuatilia kwa ajili ya hicho kisukari wakakuta unashusha chembe nyeupe za damu, ndio wakapata dawa ya kansa, imeanza kutumika Marekani 1963. Ila msikimbilie kuchemsha majani. Inachukua majani makavu mamia kwa mamia ya kilo kupata gramu moja, na dozi ya mbwa wa kilo 22 ni kama nusu miligramu, yaani gawa gramu moja mara elfu halafu chukua nusu ya kipande kimoja. Hapo hakuna kukadiria kwa kikombe.

mtanga_minnesota

Wakuu salamu kutoka kwenye baridi. Mimi naishi Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, mbwa wangu alipata kansa ya tezi, limfoma, alikuwa mbwa wa aina ya boksa wa miaka saba. Tezi za shingo zilivimba pande zote mbili kama ameficha mayai chini ya taya. Hii yetu sio kama ya Jeki, hii hata ukitibu unanunua muda tu, kwa kemo kamili (zile dawa za kuua seli za kansa) wengi wanafika kama mwaka, kwa vidonge vya predinisoloni peke yake ni mwezi mmoja au miwili.

Huku biashara ya dawa mbadala za mbwa ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Nilinunua vingi sana. Uyoga wa kichina unaitwa yunzhi niliununua kwa sababu Chuo Kikuu cha Pennsylvania 2012 walijaribu kwa mbwa 15 wenye kansa ya mishipa ya damu kwenye bandama, wakaona waliopewa dozi kubwa waliishi muda mzuri kuliko ilivyozoeleka. Nikaamini. Baadaye wakafanya mwingine mkubwa zaidi wa kulinganisha na kemo yenyewe, uyoga peke yake haukushinda. Hiyo habari ya pili hakuna muuzaji aliyeiweka kwenye chupa yake. Nikanunua mafuta ya bangi, nikanunua dawa ya minyoo ya fenbendazo kwa sababu mtandaoni kuna mtu anadai ilimponya, nikachanganya mafuta ya mbegu za kitani na jibini kila asubuhi. Mbwa alikuwa anakula kwa sababu ananipenda, sio kwa sababu anataka, unaona kabisa ananitazama kwanza halafu ndio analamba.

Kitu kimoja cha chakula ambacho daktari wangu wa kansa alikikubali bila kusita ni mafuta ya samaki. Colorado walishafanya utafiti 2000 kwa mbwa wa limfoma waliokuwa kwenye kemo, wakawapa chakula chenye mafuta ya samaki na aginini (kirutubisho cha kwenye protini), wale ambao damu yao ilipokea vizuri hayo mafuta walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Lakini walikuwa kwenye kemo. Hapo ndipo watu wanaposoma nusu.

Aliishi miezi kumi na mitatu. Miezi miwili ya mwisho nilitupa vidonge vyote vya pembeni nikabakisha vya daktari, na nikawa nampikia wali na kuku. Najuta sikufanya hivyo mapema.

kitengela_farm

Hii story imenigusa sana nikaona lazima niandike. Mimi niko Kenya. Mbwa wangu alikuwa na hiyo hiyo ya kuambukizana, jike, ilikuwa imetokeza nje kabisa. Jamaa mmoja akaniambia vinkristini unaweza pata kwa duka la dawa ya watu, unadunga mwenyewe, daktari anakukula pesa bure. Nikanunua chupa moja, nikaangalia video, nikamdunga chini ya ngozi kwa mguu wa mbele kwa sababu mshipa sikuupata. Niliona haina shida, ngozi ni ngozi.

Siku ya nne mguu ukafura. Siku ya saba ngozi ikaanza kuwa nyeusi, halafu ikatoka, nyama ikabaki nje kama ya buchari. Nilimsafisha kila siku miezi mitatu. Alipona ile kansa baadaye kwa daktari lakini huo mguu anaburuta mpaka leo. Kila nikimwona akipanda ngazi najua ni mimi.

Tafadhali msijaribu.

daktari_shambani

Kitengela asante kwa kusema ukweli, najua sio rahisi. Ni hivyo hasa. Vinkristini ikiwa ndani ya mshipa ni dawa, ikivuja nje ya mshipa inaoza nyama. Sisi tunaweka sindano yenye mrija kwanza, tunapitisha maji ya dripu kuhakikisha haivuji, tunaipitisha dawa taratibu, tunasafisha tena na maji ndio tunatoa. Kabla ya kila sindano unapima damu, chembe nyeupe zikiwa chini ya 4,000 unaahirisha mpaka zipande, ukilazimisha mbwa anakufa na maambukizi ya kawaida kabisa. Mkojo na kinyesi chake siku mbili tatu za mwanzo vaa glovu, na mama mjamzito asishike kabisa.

Na kwa wanaouliza huko chini kwenye ujumbe binafsi: hapana, hii kansa haiambukizi binadamu. Ni kitu cha ajabu sana kwenye sayansi, seli zenyewe za uvimbe ndio ugonjwa, hakuna kirusi. Mbwa wa kawaida ana kromosomu 78, seli za huu uvimbe zina chini ya 65, kwa maana uvimbe ulio kwa Jeki sio mwili wa Jeki. Ni mabaki ya mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita, hivyo ndivyo walivyokadiria 2019, na toka hapo unaruka kutoka mbwa hadi mbwa mpaka umefika Goba na Kitengela. Ndio maana tunasisitiza kuhasi na kutowaacha wazurure.

mama_wa_wawili

Subhanallah. Sikuwahi kusikia.

Kaka mfugaji tuambie basi ulimlishaje wakati wa sindano, maana hapo ndio wengi tunakwama.

mfugaji_goba

Dada nitaeleza nilivyofanya, daktari atanisahihisha.

Kwanza nyama mbichi niliacha siku ile ile. Daktari aliniambia sindano inashusha kinga, halafu mimi nampa nyama ya jana imekaa na inzi buchani, ni kumtafutia kuharisha damu. Kila kitu kikapikwa. Hili la kuinyima kansa wanga nililiuliza pia, akaniambia ni kweli toka miaka ya 1920 mwanasayansi wa Kijerumani Warburg aliona seli za kansa zinakula sukari sana, ila ukimnyima mbwa wanga ini lake linatengeneza sukari kutoka kwenye nyama, kwa hiyo kansa haifi njaa, anayekonda ni mbwa. Kilichokuwa kinahitajika kwa Jeki ni uzito urudi.

Siku ya sindano na kesho yake hataki kula vizuri, anatapika mara moja au mbili, basi nampa kidogo kidogo. Nachemsha kichwa cha samaki au miguu ya kuku mpaka supu inashikana ikipoa, mifupa yote natoa maana ya kuku ikipikwa inavunjika kama miba, supu naipasha iwe vuguvugu ile harufu ipande, nachanganya na ugali wa dona laini. Harufu ndio kila kitu, chakula cha baridi anakinusa anaondoka, ukikipasha anarudi. Siku ya tatu hamu inarudi, hapo ndio natia dagaa. Dagaa naloweka usiku, asubuhi namwaga maji chumvi ipungue, natwanga kwenye kinu. Yai la kuchemsha kila siku. Maini mara moja kwa wiki, kipande cha vidole viwili, sio zaidi. Maboga na mchicha kidogo ili choo kisikauke maana ile sindano inafunga choo.

Kitunguu maji na kitunguu saumu HAPANA. Mimi nilikuwa namwekea saumu kwenye supu nikijua inasafisha damu, kumbe vinavunja chembe nyekundu za mbwa, mgonjwa ambaye tayari anavuja damu. Na diklofenaki msimpe jamani, nilikuwa nayo mkononi siku moja nampa nusu kidonge cha kwangu cha mgongo, mke wangu akaninyang'anya.

Wiki ya kwanza kilo 22, ya tatu 23 na nusu, juzi 25. Gharama zote kwa sindano zangu na vipimo nimetumia pungufu ya nilichotumia kununua nyama na kuhangaika ile miezi miwili, nilikaa nikapiga hesabu na kalamu.

daktari_shambani

Hapo sina cha kusahihisha, umefanya vizuri. Niongeze kwa wanaouliza kuhusu vitu vya majumbani mwao: zabibu, chokoleti, na pipi au jojo zisizo na sukari zenye xilito (kitamu mbadala wa sukari) ni sumu kwa mbwa yeyote, mgonjwa ndio usiseme. Bangi nayo msimpe, mbwa inamkamata vibaya kuliko binadamu. Mafuta ya samaki ni sawa ila sio mengi maana yanaharisha, na siku za upasuaji mwambie daktari kwamba unampa.

Mkitaka maoni ya pili kuna hospitali ya kufundishia pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro.

kijana_wa_kahama

Wakuu shikamooni. Nimesoma uzi wote nimekaa nikaganda. Mbwa wangu pua inatoa damu upande mmoja, anapiga chafya sana na uso umeanza kuvimba pale juu ya pua. Wiki ya tano sasa. Huku wanasema ni ugonjwa wa kupe, bwana mifugo wa kata kasafiri, mimi namwekea matone ya mwarobaini puani. Haijatokea sehemu za siri kabisa. Inaweza kuwa hii?

daktari_shambani

Marhaba. Ndiyo, inaweza kuwa. Mbwa wananusana na kulambana, seli zinabaki puani, nimeshaona kadhaa za pua peke yake. Inaweza pia kuwa kitu kingine, hata kupe kweli, ndio maana hakuna kutibu bila kuangalia kwenye hadubini. Matone acha leo leo. Usimfunge mdomo, anapumulia huko. Una usafiri?

kijana_wa_kahama

Kuna kaka ana pikipiki, ila mbwa hajawahi kupanda anaogopa.

mfugaji_goba

Mdogo wangu, Jeki pia alikuwa anaogopa bajaji. Chukua tenga la nyanya tandika gunia ndani, mfunge nalo vizuri nyuma, mwekee shati lako ulilovaa jana anuse harufu yako. Nenda Shinyanga mjini kesho asubuhi kabla jua halijawaka. Ukikwama nauli niandikie pembeni.

kijana_wa_kahama

Asante kaka. Tenga nimepata kwa mama muuza nyanya. Kaingia mwenyewe, kalalia shati.

kijana_wa_kahama

Tumefika. Tupo wa tatu kwenye foleni, kuna mbuzi wawili mbele yetu. Daktari kashakuja kumtazama kidogo kasema atachukua seli puani kwa pamba. Bado anatoa damu ila kanywa maji.